Meli au Ndege? Gharama Halisi ya Kuleta Spika na Sumaku kutoka Guangzhou hadi Dar es Salaam

Mfanyabiashara wa vifaa vya sauti Kariakoo akiulizia nauli ya mzigo kutoka Guangzhou, hujibiwa kwa namba mbili: bei ya kilo kwa ndege, na bei ya CBM, yaani mita moja ya ujazo, kwa meli. Namba zote mbili zinaweza kuwa za haki, lakini hakuna hata moja inayomwambia spika itakuwa imemgharimu kiasi gani siku itakapopangwa rafuni. Kati ya jibu la wakala na rafu ya duka kuna kipimo kinachotumika kutoza, kuna siku ambazo mtaji umelala njiani, kuna ushuru, bima na storeji. Kwa bidhaa hizi kuna na jambo la ziada, ambalo wengi hukutana nalo mzigo ukiwa umeshazuiwa: nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya spika.

Hapa nalinganisha njia nne za kuleta mzigo kutoka jimbo la Guangdong hadi Dar es Salaam, kwa bidhaa tatu: spika, hedifoni, na sumaku tupu zinazonunuliwa na mafundi na viwanda vidogo. Nimezichagua kwa makusudi. Zinatoka eneo moja na zinakwenda soko moja, lakini kila moja inataka njia yake. Hoja yangu ni kwamba tusiulize nauli kabla ya kuujua mzigo wenyewe: una kilo ngapi kwa kila CBM, una thamani gani kwa kila kilo, na una tabia gani ukiwa ndani ya boksi. Ukishayajua hayo matatu, uamuzi unakuwa mwepesi.

Njia nne na mizani zake

Njia ya kwanza ni vifurushi vya haraka. Mzigo unachukuliwa kwa muuzaji na kuletwa hadi mlangoni kwako, mara nyingi ndani ya wiki moja. Ya pili ni ndege ya mizigo, uwanja hadi uwanja, ambayo pamoja na kukusanya mzigo na kuutoa forodhani huchukua wiki moja hadi mbili. Ya tatu ni kuchangia kontena: wakala anapokea mizigo ya watu wengi kwenye ghala lake China, anajaza kontena moja, na kila mtu analipia nafasi yake. Hapo hesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili, kwa sababu kabla ya safari kuna siku za kusubiri kontena lijae, na njiani makontena mengi huhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine. Ya nne ni kulipia kontena zima.

Ndege inauza uzito na nafasi kwa pamoja. Gunia la pamba linaweza kuchukua nafasi ya gunia la misumari likiwa na uzito mdogo sana, kwa hiyo mashirika ya ndege hupima vyote viwili na kutoza kilicho kikubwa. Chukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 6,000. Jibu ni kilo za ujazo. Makampuni mengi ya vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, hivyo boksi lile lile linakuwa "zito" zaidi kwao. Kwa maneno mengine, CBM moja huhesabiwa kama kilo 167 kwa ndege ya mizigo, na kilo 200 kwa vifurushi vya haraka.

Kwenye kontena la kuchangia hutozwa CBM moja au tani moja, kilicho kikubwa. Mizigo mingi ya dukani haifiki tani moja kwa CBM, kwa hiyo watu huzoea kulipia ujazo na kusahau uzito. Sumaku zinavunja mazoea hayo: mita moja ya ujazo ya sumaku za neodimiamu ina uzito wa takriban tani 7.5. Jambo jingine la kuuliza mapema ni kiwango cha chini. Mawakala wengi hutoza CBM moja hata kama mzigo wako ni nusu yake, na kipengele hicho kidogo kinaweza kubadilisha hesabu yote, kama tutakavyoona.

Kontena la futi 20 lina takriban mita 33 za ujazo ndani, lakini maboksi hayakai bila mapengo, hivyo panga kwa 26 hadi 28. La futi 40 lina takriban 67, na lile refu kwa kimo linafika 76. Ukilichukua zima, unalilipia lote, likijaa lisijae.

Kwa nini bahari ina nafuu, na kwa nini nafuu hiyo hupotea ghafla

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Aliyeipanga safari ile, Malcom McLean, alikuwa mwenye kampuni ya malori. Wakati huo kupakia tani moja ya shehena ya kawaida melini, kwa mikono ya makuli, kuligharimu dola 5.86; kwa kontena, hesabu ilishuka hadi chini ya senti 16. Gharama kubwa ya bahari ilikuwa gatini, katika kupakia na kupakua, na kontena liliiondoa. Leo meli kubwa kuliko zote hubeba zaidi ya makontena 24,000 ya futi 20, na zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia kwa ujazo hupita baharini. Ndege hubeba takriban asilimia moja tu ya uzito wa bidhaa, lakini karibu theluthi moja ya thamani yake. Wenye mizigo duniani kote wameshapiga hesabu yao: kilo yenye thamani kubwa hupanda ndege, iliyobaki hupanda meli.

Hata hivyo nauli ya meli haifuati umbali wala bei ya mafuta peke yake. Ni bei ya nafasi. Makontena yanayotoka China huja Afrika Mashariki yamejaa, lakini mengi hurudi matupu, kwa sababu korosho, kahawa, chai na shaba havitoshi kuyajaza. Safari hiyo ya kurudi lazima ilipwe na mtu, na anayelipa ni mwagizaji. Nafasi ikiadimika, bei haina adabu. Septemba 2021, kwa hesabu za kampuni ya Drewry, wastani wa nauli ya kontena la futi 40 kwenye njia kuu za dunia ulipita dola 10,000, wakati kabla ya janga la korona ulikuwa chini ya dola 2,000. Bahari ilikuwa na urefu ule ule. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli za Asia na Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa kutoka China kuja Dar haupiti kule, lakini meli na makontena ni yale yale. Yakikaa muda mrefu zaidi upande mmoja wa dunia, upande mwingine huyapata kwa taabu.

Kwa mwagizaji mdogo, maana yake ni hii: bei unayopewa leo ina tarehe ya kuisha. Iombe kwa maandishi, na uulize inadumu hadi lini. Usipange bei ya kuuzia kwa nauli ya mwezi uliopita.

Mizigo mitatu kwenye karatasi

Sasa tuhesabu. Bei zifuatazo nimeziweka kwa mfano, ili uone mwenendo wa hesabu. Wewe weka zile ulizopewa na wakala wako. Tuseme vifurushi vya haraka ni dola 12 kwa kilo. Ndege ya mizigo ni dola 6 kwa kilo, na dola 80 za kuutoa mzigo. Kuchangia kontena ni dola 180 kwa CBM, kiwango cha chini CBM moja, na dola 100 za huduma za Dar. Kontena zima la futi 20 ni dola 2,400, na dola 600 za huduma. Ushuru tutauongeza baadaye.

Mzigo wa kwanza ni spika za gari: maboksi 10, kila moja sentimita 50 kwa 40 kwa 30, kilo 12, ununuzi dola 90. Jumla ni CBM 0.6, kilo 120, dola 900. Kilo za ujazo kwa ndege ni 100, kwa hiyo unatozwa kilo 120 za mizani. Vifurushi vya haraka vitakula dola 1,440, zaidi ya bei ya spika zenyewe. Ndege ni dola 800. Meli, kwa kuchangia, ni dola 280. Kwa kila boksi, nauli ni dola 144, 80 au 28. Hata ukihesabu mtaji uliolala baharini kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, siku 35 za tofauti kati ya meli na ndege zinakugharimu dola 31.50 tu. Huna sababu ya kulipa dola 520 zaidi ili kuokoa 31.50. Spika ni za meli.

Mzigo wa pili ni hedifoni: maboksi 10 ya vipimo vile vile, lakini kila moja kilo 8 na thamani ya dola 600. Jumla ni CBM ile ile 0.6, kilo 80, dola 6,000. Hapa ndege inatoza ujazo: kilo 100, sawa na dola 600, na 80 za kuutoa, jumla 680. Meli ni dola 280 kama kwanza, kwa sababu yenyewe haijali kilichomo ndani. Tofauti ni dola 400. Lakini mtaji wa dola 6,000 ukilala siku 35 kwa riba ile ile unagharimu dola 210. Na hedifoni ni bidhaa ya fasheni. Toleo jipya likiingia sokoni, la zamani linashuka bei. Likishuka kwa asilimia 4 tu ndani ya muda huo, umepoteza dola 240. Ukijumlisha 210 na 240 unapata 450, na ndege imeshinda. Bidhaa ikiwa haishuki bei, meli inabaki mbele. Kwa hiyo swali la kuamua ni hili: bei ya bidhaa hii itakuwaje Kariakoo baada ya wiki tano?

Mzigo wa tatu ni sumaku tupu za neodimiamu: kilo 20 ndani ya kiboksi cha CBM 0.02, thamani dola 1,000. Kwa kilo hii ni thamani kubwa na nafasi ni ndogo mno. Kwa kanuni ya kawaida ungesema ndege, na karatasi inaunga mkono: kilo 20 kwa dola 6 ni 120, ongeza 80, jumla dola 200, dhidi ya dola 280 za meli. Hapa ndipo tabia ya mzigo inapoingia na kuipindua hesabu.

Sumaku ikifika uwanja wa ndege

Rubani ana dira, na dira hufuata uga wa sumaku wa dunia, ambao ni dhaifu: kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Boksi la sumaku karibu na chumba cha rubani linaweza kuipotosha. Ndiyo sababu kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kuhusu mizigo hatari zimeweka mistari miwili. Kifurushi kikitoa uga usiozidi mikrotesla 0.525 kwa umbali wa mita 2.1, kinasafiri kama mzigo wa kawaida. Kikivuka hapo, lakini kwa mita 4.6 kikawa bado hakizidi kiwango hicho, kinasafiri kwa kutangazwa kuwa chenye sumaku, kwa lebo na karatasi zake. Kikivuka na mstari wa mita 4.6, hakipandi ndege bila kibali cha mamlaka za usafiri wa anga.

Msomaji anaweza kujiuliza mita 2.1 na 4.6 zina tofauti gani ya maana. Jibu liko katika fizikia ya karne mbili. Mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb alionyesha kuwa nguvu kati ya ncha mbili za sumaku hupungua kwa mraba wa umbali. Lakini hakuna sumaku yenye ncha moja. Kila ya kaskazini ina ya kusini pembeni yake, na ukisimama mbali, ncha hizo mbili karibu zinafutana. Kinachobaki hupungua kwa kasi zaidi, kwa mchemraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, uga unabaki sehemu moja ya nane. André-Marie Ampère, katika miaka ya 1820, aliieleza sumaku kwa njia nyingine kabisa, kama mizunguko midogo ya umeme ndani ya chuma, na kwa mtu aliye nje ya sumaku hesabu zote mbili zinatoa jibu lile lile. Kutoka mita 2.1 hadi 4.6, uga unashuka karibu mara kumi na nusu. Mstari wa pili, basi, unaruhusu sumaku yenye nguvu mara kumi ya ile ya mstari wa kwanza.

Nimepiga hesabu hiyo kwa neodimiamu ya daraja la N42, ambayo hupatikana kwa wingi. Kilo moja, vipande vyote vikielekea upande mmoja, hutoa karibu mikrotesla 3 kwa mita 2.1, ambayo ni karibu mara sita ya kiwango. Kwa mita 4.6 inabaki takriban 0.28, yaani inaruhusiwa kwa kutangazwa. Kilo mbili tayari zinavuka mstari wa pili. Hata gramu 200 zinatosha kuvuka ule wa kwanza. Kilo zetu 20 zikipakiwa ovyo hazina ndege.

Dawa ipo, na ni ya bei nafuu kama ukimwambia muuzaji kabla hajafunga boksi. Vipande vipangwe kwa kupishana, ncha ya kaskazini ya kimoja kando ya ncha ya kusini ya kingine, ili uga wao ufutane. Mpangilio huo hupunguza uga wa nje kwa kiasi kikubwa kuliko kitu kingine chochote. Baada ya hapo boksi lizungushiwe bamba za chuma laini. Pierre Weiss alieleza mwaka 1907 kwamba chuma kimegawanyika katika vikoa vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa sumaku kamili. Chuma laini kikiwekwa karibu na sumaku, vikoa vyake hugeuka kirahisi kuufuata uga, na uga hupita ndani ya bamba badala ya kuenea nje. Lakini bamba lina uzito, na ndege hutoza uzito. Tuseme chuma kinaongeza kilo 10, na kipimo cha maabara ni dola 50. Nauli inakuwa kilo 30 kwa dola 6, sawa na 180. Ongeza 80 na 50, unapata dola 310. Ndege iliyokuwa ikishinda kwa dola 80 sasa imeshindwa kwa 30.

Kwa meli hali ni nyingine. Vitu vyenye sumaku, ambavyo orodha ya Umoja wa Mataifa inavitambua kwa namba UN 2807, havibanwi na kanuni za mizigo hatari baharini. Na hapa kile kiwango cha chini cha CBM moja, kilichokuwa kikikuumiza, kinageuka kuwa faida. Spika zako zilichukua CBM 0.6 tu lakini umelipia CBM nzima. Weka kiboksi cha sumaku humo humo: jumla ni CBM 0.62 na kilo 140, na nauli haiongezeki hata dola moja. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo linaloweza kumwokolea mwagizaji mdogo fedha nyingi kwa jitihada ndogo.

Spika zenyewe hazina ukali huo. Nyingi hutumia sumaku za feraiti, zinazotengenezwa kwa oksaidi ya chuma, zikiwa zimekaa ndani ya kikombe cha chuma kinachozuia sehemu kubwa ya uga usitoke. Bado wakala wa ndege China anaweza kudai cheti cha kipimo cha sumaku kwa spika, mota na hedifoni, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Spika za bluetooth zina sharti la pili, kwa sababu betri za lithiamu zina kanuni zake.

Kwa wanaonunua sumaku za nguvu kuna jambo la kuzingatia zaidi. Tarehe 4 Aprili 2025 China iliweka masharti ya leseni kwa kuuza nje aina saba za madini adimu na sumaku zenye madini hayo, yakiwemo disprosiamu na terbiamu, ambayo huongezwa kwenye neodimiamu ili istahimili joto. Muulize muuzaji kwa maandishi kama daraja unalonunua linahitaji leseni, na nani ataiomba. Feraiti haihusiki.

Ushuru hauhesabiwi sawa kwa njia zote

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha: asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kundi la nne la asilimia 35. Juu yake huja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo kwa Tanzania Bara ni asilimia 18 na kwa Kenya 16, pamoja na tozo nyingine ndogo ndogo. Kundi la bidhaa yako lijue kabla ya kununua. Wakala wa forodha mwenye leseni atakutafutia namba yake kwenye kitabu cha ushuru kwa dakika chache.

Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba njia ya usafiri hugusa ushuru. Mzigo wa baharini hutozwa ushuru kwa thamani ya bidhaa, nauli na bima. Kwa mzigo wa ndege, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema nauli isiongezwe kwenye thamani hiyo. Chukua spika zetu za dola 900, bima dola 10, na tuseme zimo kwenye asilimia 25. Kwa meli, ukiongeza nauli ya dola 180, ushuru wa forodha ni dola 272.50. Kwa ndege ni 227.50. Dola 45 haziwezi kuziba pengo la 520 kwa spika, lakini kwa bidhaa zilizo mpakani, kama hedifoni, zinaweza kuamua. Hakikisha wakala wako anaitumia kanuni hii anapoandaa nyaraka.

FOB, CIF, na bei ya kila kitu ndani

Muuzaji atakupa bei kwa masharti fulani. FOB maana yake anaufikisha mzigo melini kwenye bandari ya kwao. Kuanzia hapo nauli na bima ni zako. CIF maana yake analipia nauli na bima hadi Dar. CIF huvutia kwa sababu inaonekana imekamilika, lakini wakala amechaguliwa na muuzaji, na wakala huyo anaweza kufidia nauli ndogo ya China kwa gharama kubwa za Dar, ambazo utazikuta huna tena nafasi ya kujadili. Ukiwa na wakala unayemwamini, nunua kwa FOB. Ukinunua kwa CIF, dai orodha ya gharama zote za Dar kabla mzigo haujapakiwa.

Kuna pia mawakala wanaotoa bei moja ya CBM yenye kila kitu, ushuru ukiwemo. Kwa mtu anayeanza, ni njia nyepesi. Lakini uliza swali moja: je, nitapata hati ya ushuru yenye jina langu na namba yangu ya mlipa kodi? Kama hakuna, duka lako litakuwa na bidhaa usizoweza kuzithibitisha siku ya ukaguzi, na VAT iliyolipwa hutaweza kuidai. Bei nafuu isiyo na karatasi ni deni. Uliza vilevile kuhusu cheti cha ubora kinachotambuliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa sababu ukaguzi unaofanyika kabla ya kupakia huepusha usumbufu wa bandarini.

Bima isikatwe ili kupunguza gharama. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama Mfereji wa Suez kwa siku sita. Baada ya kukwamuliwa, wenye meli walitangaza mchango wa pamoja, utaratibu wa kale wa baharini ambapo kila mwenye mzigo huchangia gharama za kuiokoa meli, hata kama maboksi yake hayana mkwaruzo. Aliyekuwa na bima alisimamiwa na kampuni yake ya bima. Asiyekuwa nayo alitakiwa kuweka dhamana mwenyewe ndipo apate mzigo. Jua pia kuwa kwa CIF muuzaji anawajibika kununua bima ya kiwango cha chini tu, isiyogusa wizi wala hasara nyingi za kawaida. Kata yako, kwa asilimia 110 ya thamani.

Mwisho, storeji. Bandari na bandari kavu hutoa siku chache za bure, kisha mita inaanza kusoma. Kwa kontena zima, laini ya meli nayo hutoza kwa kila siku kontena linapochelewa kurudi. Faida yote ya meli inaweza kuliwa na wiki mbili za nyaraka zisizokamilika. Ankara, orodha ya maboksi na hati ya shehena vimfikie wakala wa forodha meli ikiwa bado baharini.

Uchague nini

Vifurushi vya haraka ni kwa sampuli, vipuri vya dharura na mzigo wa kilo chache. Usilete bidhaa ya kujaza duka kwa njia hii.

Ndege ya mizigo ni kwa bidhaa ambayo nauli ya ndege ni sehemu ndogo ya thamani yake, na ambayo bei yake hushuka haraka au msimu wake unapita. Kwa hedifoni zetu nauli ilikuwa takriban asilimia 11 ya ununuzi, na tayari tulikuwa mpakani. Ikifika asilimia 20, sijaona sababu ya kupanda ndege ila kama mteja ameshalipa na anasubiri.

Kuchangia kontena ni kwa spika, redio, vyombo, na sumaku zinazosindikizana na mzigo mwingine. Ujaze CBM unayoilipia. Kama huna cha kujazia, ungana na jirani wa duka mnayeaminiana, kwa jina moja na hati moja inayoeleweka.

Kontena zima linaanza kulipa pale jumla ya kuchangia inapolizidi. Kwa bei zetu za mfano, CBM 16 kwa kuchangia ni dola 2,980, na kontena ni dola 3,000. Kuanzia CBM 17 chukua kontena, hata kama theluthi yake itabaki wazi. Utapata pia faida ya kutosubiri mizigo ya wengine, wala kuzuiwa forodhani kwa kosa la boksi lisilo lako.

Kabla ya kutuma fedha China, chukua karatasi na uandike mistari sita: bei ya ununuzi, nauli kwa kipimo kitakachotozwa, bima, ushuru na VAT, gharama za kuutoa na kuufikisha dukani, na gharama ya mtaji kwa siku zote za safari. Jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya vipande. Fanya hivyo kwa meli, rudia kwa ndege. Jibu lenye namba ndogo kwa kipande kimoja ndilo njia yako, hata kama nauli yake ndiyo iliyokutisha ulipoisikia mara ya kwanza.